Hawa Mbele ya Sahani

Wakati ule serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, tunaitana sitwayen na sitwayene, ni kusema raia, njo mujukuu wangu Hawa aliingia masomo ya gardiene, ya watoto wadogo, hapa ku mutaa Kasuku. Miaka ine tu. Na si asubui peke yake, hapana: muchana muzima mpaka saa kumi. Mama yake, binti yangu, alikuwa anatumika ku lopitali, na miye macho ilianza kuharibika, siwezi kukimbiza mutoto.

Sasa sikia. Siku ya kwanza kule masomo hakukula. Siku ya pili hakukula. Wali na sombe, majani ya muhogo, mbele yake, anaangalia tu. Siku ya tatu monitrise, mwalimu wao, sitwayene Onema, akaniita.

"Babu, huyu mutoto iko mugonjwa. Kesho kama hatakula, mubaki naye ku nyumba. Sitaki aanguke ndani ya mikono yangu."

"Ku nyumba anakula, mama! Ananishinda miye!"

"Basi iko na kichwa nguvu. Kama babu yake."

Binti yangu kusikia, akalia. Hawa akibaki, yeye anaacha kazi.

Kesho yake nilisimama inje ya lupango, ile uzio ya masomo, nachungulia katikati ya matete. Watoto makumi tatu ku baraza, kila mumoja na sahani yake, monitrise amesimama juu yao. Hawa, mikono juu ya magoti. Wengine sahani inaanza kuisha. Ee Mungu, nikasema, leo wanamufukuza.

Kulikuwa mama mwenye kusaidia monitrise, Mama Mwavita, yeye njo ananawisha watoto na kupangusa makamasi. Akaja akaikala chini na kikwembe yake, kitenge ya kujifunga, karibu ya Hawa. Hakusema kula. Alimuangalia kidogo, akasema "Bismilai", akatia mukono ku sahani ya mutoto, akakula tonge moja.

Hawa naye akatia mukono. Alikula mbiombio!

"Mama Mwavita!" Onema akapiga kelele. "Chakula ya watoto hatugusi! Inspekteri akifika?"

"Sitwayene, huyu walimufundisha ku nyumba: mukubwa asipoanza, mutoto hagusi. Siku tatu alikuwa anatungojea siye."

Miye njo nilimufundisha. Nikaikala palepale ndani ya majani.

Onema akaangalia barabara, hakuna muntu. Kisha akaonyesha katoto kengine kule mwisho, kamenyamaza, sahani imejaa.

"Na ule," akauliza polepole, "anangojea nini?"