Nta ya Graxiana

Kila Agosti, wanaume wa kijiji walipochoma kondoo pangoni na wageni wakajazana kushangilia wachawi waliosemekana kukutana humo zamani, Benita wa nyumba ya Iriartea alifunga madirisha akakaa jikoni na hasira zake. Mchawi waliyekuwa wakimshangilia alikuwa bibi wa mabibi zake. Graxiana alikamatwa na mahakimu wa Baraza la Kanisa, waliokuwa wakisaka wachawi, miaka mia nne iliyopita, akafia gerezani mjini Logroño, na hakuna aliyemwashia hata kipande cha nta.

Kwetu sisi Wabaski wa milima ya kaskazini mwa Hispania, kila nyumba ina jirani wake wa kwanza. Mtu akifa, mwanamke wa nyumba hiyo ya jirani ndiye anayebeba kanisani ubao uliozungushiwa uzi wa nta, akauwasha, ili marehemu apate mwanga huko aliko. Wafiwa hawajiwashii wenyewe. Jirani wa kwanza wa Iriartea ni nyumba ya Etxeberri, na wa Etxeberri ni Iriartea, tangu enzi na enzi. Na aliyekwenda kwa padri kusema Graxiana kaloga mitofaa alikuwa mwanamke wa Etxeberri huyo huyo. Jambo hilo lilimkaa Benita kooni maisha yake yote.

Hakuwa na mtoto. Akifa yeye, nani tena angekumbuka kumwombea Graxiana mwanga? Basi mwaka huo alimeza kiburi akaenda pangoni, kwenye meza ya Joakina, mwenye Etxeberri, aliyekuwa akiwauzia wageni vidoli vya wachawi.

"Jirani, njoo Jumapili uniwashie nta ya Graxiana. Mara moja tu."

"Yaani wewe! Mtu kafa miaka mia nne, leo ndiyo anataka taa? Si keshazoea giza?"

Waliokuwa mezani wakaangua kicheko. Benita hakuondoka.

"Ni kazi ya nyumba yako, Joakina. Nyumba yako ndiyo iliyomuuza."

Joakina akaacha kucheka. "Nikiwasha, kesho kijiji kizima kitasema Etxeberri wamekiri. Siwashi, siwashi mpaka naingia kaburini." Kisha akamsukumia kidoli chenye pua ndefu. "Chukua huyu, nakupa bure. Nimempa jina la bibi yako. Ndiye anayependwa kuliko wote."

Benita alitamani kumtemea mate. Alikiacha kidoli pale pale, akarudi nyumbani akilia njia nzima, mtu mzima na mvi zake.

Baridi ilipoingia, Joakina akaanguka zizini akikamua, hakuamka tena. Binti yake, Maialen, akapiga hodi Iriartea hata kabla ya kumwendea padri, kama desturi inavyotaka.

"Shangazi, mama ametutoka."

"Pole, mwanangu."

"Najua mlivyokuwa hamuivi. Lakini... utambebea nta yake?"

Ulimi ulimwasha Benita aseme siendi. Ingekuwa tamu, tamu kweli kweli. Alimtazama yule binti na macho yake yaliyovimba, akashusha shali yake ukutani.

"Nitambebea. Sisi Iriartea hatujawahi kumwacha jirani gizani."

Maialen akainamisha kichwa.

Siku ya maziko kanisa lilijaa. Benita alipiga magoti mbele ya ubao wa Joakina, akawasha utambi, akasali sala yote bila kuruka neno. Watu wakanong'onezana kwamba kumbe ana roho nzuri. Alipomaliza akafungua shali. Ndani mlikuwa na ubao mwingine, mweusi kwa ukale, umezungushiwa nta mpya. Akausogeza utambi wake kwenye moto wa Joakina.

Maialen akamdaka mkono. "Shangazi, usifanye hivyo! Mama alikataa. Unajua kabisa alikataa!"

"Basi mwambie akatae tena," Benita akasema, wala hakushusha sauti.

Maialen akaulegeza mkono. Utambi wa Graxiana ukashika moto.