Theluji ya Ndani

Nakutegea, na usikimbilie kunipa mji: nyumba yangu ndefu, ina milango miwili na haina dirisha, kila apitaye hutoka, aliyeijenga hakutoka. Fikiri taratibu, Fumie bado anafagia theluji juu ya paa la gari.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa pili. Theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha ya ghorofani, na watu wa kijiji cha Kurozawa walitokea hukohuko kwa ngazi. Mama yake, bibi Kinu, mwenye miaka sabini na minane, alishuka na chupa ya chai, mkebe wa figili za moshi, na samaki mkavu aliyefungwa kwenye gazeti.

"Mama, huyo samaki wa nini?"

"Wa mwenye mlima."

Mwenye mlima ni mungu mwanamke, ana wivu, na sura hakujaliwa. Handaki likichimbwa, mwanamke hakanyagi ndani, asije akamkasirisha. Lakini akionyeshwa uso mbaya kuliko wake, hufurahi. Kwa hiyo samaki huyu alikuwa na kichwa kikubwa, miiba, na mdomo uliopinda.

"Handaki limekwisha miaka hamsini na miwili, mama. Wanawake tunapita kila siku."

"Wewe unapita. Mimi alinizuia."

"Si yeye aliyekuzuia. Ni msimamizi."

"Basi nimpelekee msimamizi samaki?"

"Kwani alikuwa na sura gani?"

"Samaki angeshindwa," alisema Kinu, akafunga mkanda.

Sasa umeshapata jibu. Ni handaki, lile la Kurozawa linalopenya mlima mpaka Ose, upande wa pili. Mumewe Kinu, Yasuji, alikwenda kulichimba majira ya baridi Fumie alipokuwa na mwaka mmoja. Mwezi wa pili barua zilikatika. Kinu akapanda treni inayozunguka mlima, mtoto mgongoni, akafika kwenye mdomo wa handaki upande wa Ose. Msimamizi akamwambia mambo mawili: kwamba mwanamke haingii, na kwamba Yasuji na wenzake sita wametoroka. Daftari la kampuni liliandikwa hivyohivyo, wametoroka. Masika yake handaki likafunguliwa, na mlangoni likasimikwa jiwe: *Limechimbwa bila kupoteza hata mtu mmoja.*

Kijijini hakuna aliyemsema Kinu. Ila kwenye bafu la pamoja, wanawake walisogea pembeni kumpa nafasi, nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Tangu hapo, akienda sokoni Ose, alipanda treni ileile ya kuzunguka, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Aliogopa kupita na kujua kama kweli alikimbiwa.

Lakini jirani palikuwa pamechimbwa handaki jipya, pana zaidi, na siku hiyo saa sita mchana lile la zamani lingezibwa kwa zege. Ndiyo maana Kinu akasema twende.

Barabara ilipanda kati ya kuta za theluji zilizopita kimo cha lori. Mierezi ilikuwa imeinama. Walipoingia handakini, sauti ya upepo ikakatika, na Kinu akamshika samaki wake kwa mikono miwili.

Katikati ya handaki theluji ilikuwa inaanguka. Huanguka hapo tangu mwaka lilipofunguliwa, kutoka kwenye dari la saruji, kiangazi na masika, kwa urefu wa hatua kumi na moja. Madereva huwasha waipa, hupita, huzima. Ofisi ya barabara iliweka kibao cha njano: *Theluji ya ndani. Punguza mwendo.*

Fumie alisimamisha gari. Theluji ilishuka wima mbele ya taa, vipande vikubwa, bila upepo na bila mlio, kama kitu kilichoanza safari zamani na hakina haraka ya kufika. Kinu akashusha kioo, akatoa kiganja nje. Haikuwa ya baridi. Ilikuwa na joto la mtu aliyetoka kazini. Akakaa hivyo muda mrefu, mkono nje, kinywa wazi kama mtoto.

Wanaume saba wakatoka ukutani wakikung'uta kofia zao ngumu. Mmoja, wa miaka ishirini na tisa, matope shingoni, akafungua mlango wa nyuma akaketi.

"Chai ipo?"

"Ipo," Kinu akasema, akammiminia.

Fumie alimtazama kwenye kioo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekua."

"Nakaribia kustaafu."

Yasuji akatafuna figili. "Theluji ya paani anashusha nani?"

"Mimi," Kinu akasema.

"Na mwaka huu?"

"Na mwaka huu. Fumie ananishikia ngazi."

Akaacha kutafuna.

"Baba Fumie," Kinu akasema, "ulitukimbia?"

Yasuji akafungua kinywa, na hapohapo kioo kikagongwa. Alikuwa bwana Handa wa ofisi ya barabara, na karatasi mkononi. Aliwaamkia wale saba kwa kichwa, mmojammoja.

"Bibi, muda umekwisha. Zege limeshafika."

"Waandike kwanza hawa."

"Siwezi, bibi. Daftari linasema wametoroka. Mtu aliyetoroka nitaandikaje kwamba yumo?"

"Si unawaona?"

"Nawaona kila wiki. Huyu mrefu hunisaidia kusukuma gari."

"Na lile jiwe?"

"Limeshasuguliwa. Linahamia handaki jipya." Akainama mpaka kofia ikamdondoka. "Samahani sana, bibi."

Fumie akawasha gari. Yasuji akashuka, akatembea ubavuni, mkono kwenye dirisha. Kinu akamkabidhi mkebe, chupa na samaki. Wenzake walipomwona samaki wakacheka hadi wakashikana mabega, na juu yao theluji ikazidi, laini, nyeupe, mpaka dari halikuonekana tena.

Kwenye hatua ya kumi na moja theluji iliishia. Yasuji naye akasimama.

"Hukunijibu," Kinu akasema.

Yasuji akaelekeza kidole nyuma ya gari, kule Kurozawa walikotoka.

"Nikimbie niende wapi, mama Fumie? Sisi tulianzia Ose. Nilikuwa nachimba kuja nyumbani."