Mtungaji wa Nne

Kila Jumamosi alasiri, sinema ya Bwana Jafferji hapa Tanga ilikuwa yetu wanawake, na msemaji wake nilikuwa mimi, Mwatumu. Mwaka ule wa hamsini na nne picha zilitoka Marekani na Kizungu chake, nami Kizungu sikijui hata cha kuombea maji. Nilikaa kando ya pazia nikawasimulia wenzangu kwa ninavyoona. Bibi mwenye nywele za dhahabu akilia, nilisema mawifi wamemchongea, na mtaa wetu mzima wa Makorora uliangua kicheko.

Siku moja Jafferji akatundika kibao kipya mlangoni, kimejaa majina: wachezaji, mwongozaji, waandishi watatu, na chini kabisa yeye mwenyewe. Langu halimo. Nikakasirika, sisemi uongo.

"Mama, wewe wafasiri tu," akaniambia. "Watungaji wako Marekani."

Sadalla, fundi wa mashine anayesoma magazeti ya Kizungu, akacheka. "Bwana, hao watatu wenyewe wamepelekana mahakamani. Kila mmoja adai hadithi ni yake, wenziwe walitia mkono tu."

"Basi wa nne ni mimi," nikasema. "Niandike."

"Haiwezekani, Mama."

Haya. Kwetu mshairi hamwombi mtu kibao. Jina lake hulitia katika ubeti wa mwisho, na kila anayeghani shairi hubeba na jina hilo. Jumamosi iliyofuata, taa zilipowaka na wanawake wakitafuta viatu vyao, nikasimama nikaghani:

Kaditama nimefika, Mwatumu binti Miraji,
Maneno mliyocheka, mimi ndiye mtungaji,
Kibao kikiniruka, hawakosi wasemaji.

Wakanirudishia mara tatu, na vigelegele juu yake. Nargis, mke wa Jafferji, alikaa mstari wa mbele na sauti yake ilizishinda zote.

Jumatatu Jafferji akaniita mlangoni pa sinema. Ameshika brashi, uso umemshuka.

"Tangu juzi mke wangu aghani ubeti wako. Akipika chapati, akikunja nguo. Jana kaughani mbele ya wageni wangu!" Akashusha pumzi. "Haya, Bi Mwatumu, umeshinda. Lakini nikuandike wapi? Kibao kimejaa."

Nikakitazama kibao kutoka juu mpaka chini, bila haraka.

"Pale chini pana jina lako, Bwana Jafferji," nikamwambia. "Futa hilo."

Akafuta. Nami nikamshikia mkebe wa rangi.