Mgeni Aliyefuta Paji la Uso

Wageni wanne walitoka katika uwanja wa ndege wa Paro, katika nchi yetu ndogo ya milima, huku Nepali ikiwa bado mwilini mwao: mashada ya maua ya manjano yamenyauka shingoni, na juu ya kila paji doa jekundu la rangi na mchele walilopakwa asubuhi walipoagwa hotelini Kathmandu. Wa tano alikuja nyuma yao, mwanamke mwembamba mwenye mvi, shingo tupu. Paji lake nalo lilikuwa jekundu, lakini kwa wekundu wa ngozi iliyosuguliwa. Alikuwa amelifuta doa lake kabla ya kumfikia askari wa pasipoti. Kwenye vinyweleo ilibaki chembe moja ya mchele.

Lhaden, mwongoza watalii aliyekuja kuwapokea, aliiona chembe ile. Nani hufuta baraka njiani?

Huo ulikuwa msimu wake wa pili wa kazi. Alikuwa msichana wa haya, ambaye hata kipaza sauti cha gari alikishika kana kwamba ameazimwa. Mwaka uliotangulia mwenzake alinyang'anywa leseni kwa sababu ya mgeni aliyejiita mwalimu wa muziki, kumbe alikuwa akizungukia mahekalu madogo ya vijijini kutafuta sanamu za kuiba. Tangu hapo mwenye kampuni yao aliimba wimbo mmoja: "Mgeni ni mfalme, ila mfalme naye hulindwa asipotee. Ukiona jambo, nipigie." Bila leseni Lhaden angerudi kijijini kumsaidia mama yake kufuma, na mama yake mwenyewe alikuwa amefuma hadi macho yakafifia ili yeye asiishie hapo.

"Huyu mwenzetu amezaliwa Kathmandu," Harmen, Mholanzi mrefu mwenye kamera mbili, alimweleza garini akicheka. "Lakini huko ametupoteza njia hadi tukaokolewa na muuza chai! Mzaliwa gani huyo, Mia?"

"Mji umekua," Bi Mia alijibu, akageukia dirisha.

Mchana walikula Thimphu. Wageni walioonja mchuzi wetu wa pilipili na jibini walitokwa na machozi, wakaomba maji na kucheka. Bi Mia alimega wali mwekundu kwa vidole, akauzungusha ukawa tonge, akachovya, akala. Hakuomba maji. Dereva, Mzee Gyembo, aliyekuwa meza ya pembeni akitafuna tambuu, alimkonyeza Lhaden.

"Binti, mdomo ule haukulelewa Uholanzi."

"Nepali nako wanakula pilipili, mjomba."

"Wanakula. Hawaifanyi kitoweo." Alijifuta midomo yake myekundu. "Mimi sisemi kitu. Macho yangu mimi ni ya barabara tu."

Maneno yale yalimwingia Lhaden kama mwiba mdogo wa samaki, usioua lakini usiokuacha umeze mate. Akaanza kumtazama Bi Mia kwa jicho la pembeni. Aliona kuwa wenzake wakipiga picha majengo, yeye hupiga picha milima ya kusini, mahali ambapo hapana jengo. Aliona kuwa kila gari liliposimama alijitenga, akaongea na wachuuzi akiwa amewapa wenzake mgongo. Katika kilele cha Dochula, pale ambapo kila mgeni hugeuka kaskazini kuitazama theluji, Bi Mia alisimama peke yake akitazama upande mwingine.

"Theluji iko huku, mama," Lhaden alimwambia.

"Naijua ilipo."

Naijua. Lhaden aliligeuzageuza neno hilo njia nzima ya mteremko. Labda ni mwandishi wa habari. Labda yule mwalimu wa muziki ana jamaa zake. Alijichukia kwa kuwaza hivyo juu ya mama wa makamo yale, tena aliyekuwa akimshukuru kwa kila mlango aliofunguliwa; lakini shukrani nazo zilimtia shaka, kwa maana zilikuwa nyingi mno. Mpaka wanafika Punakha alikuwa amekwisha kuamua: wageni wakiingia ngomeni, atabaki nyuma kidogo na kumpigia simu mwenye kampuni.

Walivuka daraja la mbao linaloelekea ngomeni, makao ya watawa na ya ofisi za serikali. Harmen alikuwa akilinganisha nchi mbili kwa sauti kubwa, Nepali vumbi na kelele na uchangamfu, hapa utulivu na adabu, kana kwamba anachagua viatu. Simu ilikuwa tayari mkononi mwa Lhaden. Yeye mwenyewe alisimama kando ya lango kutengeneza shuka lake la begani, maana kwetu hapana mwanamke aingiaye ngomeni bila kulitundika kwenye bega la kushoto. Wageni hawadaiwi hilo. Wageni hupita na makoti yao.

Bi Mia alifika langoni, akatazama juu, akapunguza mwendo. Kisha akavua skafu yake ya sufu, ya kijivu, ya dukani tu. Aliikunja kwa urefu, akaikunja tena, akailaza juu ya bega la kushoto, akaipigapiga kwa kiganja, akavuta pindo la mbele hadi likalingana na la nyuma. Alifanya hayo yote akiwa bado anatazama juu.

Askari wa lango alimwona. "Mama, la nyuma limezidi kidogo," alisema kwa lugha yetu, kama angemwambia shangazi yake.

"Samahani, bwana," Bi Mia akajibu, kwa lugha hiyohiyo, na mwisho wa sentensi akaliweka lile neno fupi la heshima ambalo wageni hata wakifundishwa hulisahau.

Ndipo akashtuka. Mkono ulibaki begani kama wa mtu aliyekamatwa akiiba.

Askari akamgeukia Lhaden. Tabasamu lilikuwa limeanza kufifia. "Dada, huyu mama yuko kwenye kundi lako la wageni. Ni mgeni, au ni wetu?"

Lhaden aliangalia ile skafu. Hata yeye, mzaliwa na mhitimu wa chuo, huhitaji kioo ili mapindo yalingane.

"Ni mgeni," alisema. "Nimemfundisha mimi, njiani."

"Umemfundisha vizuri mno."

"Anashika haraka."

"Na maneno pia?"

"Na maneno." Sauti yake ilitoka ndogo kama kawaida, na pengine ni udogo huo uliomwokoa, maana askari alimtazama kwa muda, akaona msichana mwenye haya, akasogea pembeni.

Uani, chini ya kuta nyeupe, watawa wadogo walikuwa wakikimbizana. Harmen na wenzake waliwafuata na kamera. Lhaden aliirudisha simu mkobani, akabaki nyuma na Bi Mia.

"Kwa nini umesema uongo kwa ajili yangu?" Bi Mia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, wa kuuliza ni mimi. Wewe ni nani?"

"Mtu wa Tsirang, huko kusini." Alisema kama anayetua mzigo. "Nilisoma hapa. Siku zile, sisi wa kusini, wasema Kinepali, tukionekana barabarani bila vazi la taifa tulitozwa faini. Nilikuwa nalivaa nikilia kwa joto. Nilidhani nimelisahau, mwanangu. Nilidhani nalichukia." Aliitoa skafu begani, akaikunjua. "Kisha ikaja kuhesabiwa watu, kutafutwa nani raia na nani si raia. Karatasi za dada yangu zilionekana sawa, maana aliolewa na mtu ambaye karatasi zake zilikuwa sawa. Zangu hazikuonekana. Tumbo moja, jiko moja. Nikaondoka na wengine, nikalala katika kambi ya wakimbizi Nepali miaka mingi, mpaka Wazungu walipotuchukua."

"Na Kathmandu?"

"Kathmandu nimeiona wiki hii."

"Unataka nini kwetu?" Neno *kwetu* lilimtoka Lhaden kabla hajalipima.

Bi Mia alilipokea bila kukunja uso. "Dada yangu anauza machungwa Lobesa, njiani. Miguu yake haimpeleki mbali tena. Na mjukuu wake anangoja kibali cha kazi ya serikali. Ikijulikana nyanya yake ana ndugu aliyeondoka, tena amerudi kwa mlango wa nyuma, kibali hakitoki. Kwa hiyo sitamkumbatia. Nataka kununua machungwa tu."

"Tu?"

"Tu."

Lhaden aliwaita wageni warudi garini. Aliyedanganya alikozaliwa anaweza pia kudanganya kwamba ana dada. Yeye amekwisha kumpa ulimi wake pale langoni. Sasa anaombwa asimamishe gari pia? Lakini wakiwa njiani kurudi, walipokaribia Lobesa, kabla hajafungua kinywa, Mzee Gyembo alipunguza mwendo mwenyewe.

"Tununue machungwa," alisema. "Wageni wanapenda."

Wachuuzi walikuwa wamekaa kandokando ya barabara nyuma ya vikapu. Lhaden alizitafuta sura zao, akimtafuta mwembamba mwenye macho ya Bi Mia. Hakumwona. Bi Mia alipita moja kwa moja hadi kwa bibi mnene aliyefunga magoti kwa vitambaa, asiyefanana naye hata kidogo, na Lhaden akajiambia kuwa amedanganywa. Akasogea karibu. Waliongea Kinepali, nacho alikisikia vizuri. Nani kwetu asiyekisikia?

"Matamu?" Bi Mia aliuliza.

"Onja, bibi mgeni. Ulimi wako bado unajua tamu na chungu?" Yule bibi alimenya chungwa, akampa. "Mikono imekuwa laini hivyo! Huko kwenu mnaosha vyombo kwa kitu gani?"

"Mashine."

"Masikini, mashine." Alicheka, kisha kicheko kikakosa pa kwenda. "Haya ni ya miti ya nyuma. Wa mbele alioupanda baba uliangushwa na upepo."

"Na mama?"

"Mama alitutoka msimu wa maua. Alikuita. Nikamwambia uko kisimani, unakuja." Akatia machungwa mfukoni, haraka, bila kuangalia. "Chukua."

"Yametosha, dada."

"Usiniite dada, watu wapo. Chukua!"

Lhaden alibaki ameshika mkanda wa mkoba wake. Alikumbuka mjomba wake, ndugu wa mama, aliyepewa shamba huko kusini akalikuta na miti iliyokwisha kuzaa. Kila majira ya baridi aliwaletea gunia la machungwa, nao wakala, watoto wote, hadi vidole vikanuka maganda. Hapana aliyeuliza nani alichimba mashimo ya ile miche.

"Wanapendeza!" Harmen alikuwa amefika na kamera zake. "Waambie waendelee hivyohivyo. Wanasemaje?"

Yule bibi aliinua macho, akamtazama Lhaden: vazi lake, kitambulisho cha kazi kifuani. Kwa mara ya kwanza safari ile, Lhaden alijua anavyojihisi mtu anayetazamwa kwa jicho la pembeni.

"Wanabishana," alisema. "Huyu anasema yametosha. Yule anasema hayajatosha."

Mfuko ulikuwa umejaa. Machungwa yakaanza kuanguka na kubingirika barabarani, na yule bibi bado anatia. Mzee Gyembo aliwasha injini, akangoja kidogo, kisha akaizima.