Nyayo za Wifi

Fundi alikwangua kapeti kuukuu la jikoni na gundi yake yote, akafagia, akamwaga saruji laini na kuisawazisha kwa mwiko mpaka sakafu ikatulia kama maziwa kwenye bakuli. Asubuhi akakuta nyayo mbili mbele ya jiko, zimedidimia. Akaziziba. Zikarudi.

"Shemeji, hapa kuna mtu amesimama," alimwambia mke wa nyumba huku akiweka pimamaji chini. "Nikitandika kapeti jipya juu yake litachanika. Mwenye miguu aje aitoe."

Mke alizijua zile nyayo kwa kidole gumba cha kushoto kilichopinda. Zilikuwa za wifi yake, aliyeacha shule mama yao alipofariki, akawapikia wadogo zake pale pale mpaka wakawa watu wazima. Siku mdogo wa mwisho alipomwoa mke huyu, akamwambia dada yake afungashe, jiko limepata mwenyewe. Na huyo mwenyewe, jamani, alilitaka kweli hilo jiko. Aliona aibu njia nzima alipokwenda kumwita.

Wifi alikuja na mapovu ya sabuni mikononi.

"Nisamehe, wifi yangu. Saa ya kupika ikifika huwa najisahau."

Akavua viatu, akaingiza miguu kwenye nyayo zake, zikamtosha, kisha akaing'oa mmoja baada ya mwingine. Saruji ikajifunga. Fundi akamshukuru, akapitisha mwiko.

Wifi akachungulia sebuleni, mdogo wake alikokuwa akitazama mpira.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Nani kaacha mlango wazi? Vumbi lote linaingia humu!" akasema, bila kugeuka.

Wifi akatoka, akaufunga mlango taratibu kwa nje.

Sakafu ilipokauka, kapeti lilitandikwa, likalala bila kikunjo hata kimoja. Mume akaja kukagua, akaridhika.

"Sasa hili ndilo jiko. Chai vipi?"

Akarudi kwenye mpira wake. Mke akabandika maji, akasimama kuyangoja, roho inamuuma. Yalipochemka alitaka kugeuka kuchukua vikombe, miguu ikakawia kumfuata. Fundi, aliyekuwa akikusanya vifaa, akainama kutazama visigino vya mke. Kapeti lilikuwa limeanza kubonyea.

"Hizi sasa nitazizibaje, shemeji, na kapeti limeshalala?"

"Ziache," alisema mke. "Nipitishie hivyo vikombe. Chai inangojwa."