Hina Isiyobanduliwa

Nakichora kikiwa tope, kinageuka moto, na mwezi hauishi kimekwisha. Wajukuu zangu wamekichoka kitendawili hicho. "Hina, Bibi! Tega kingine!"

Miaka hamsini nimewachora maharusi wa mji wetu wa Sale, hapa Moroko, na hakuna hata ua langu moja lililobaki. Sabuni imekula yote. Basi Ibtihal, mjukuu wangu mkubwa, aliposema kuna maonyesho ya kazi za karatasi, na kwamba zitakazochaguliwa na majaji watatu zitabaki ukutani siku zote, nikasema, nami yangu moja tu ibaki.

"Bibi, ushindane na wasomi?"

"Kwani wasomi wana mikono mingapi?"

Nikachora kwa hina kiganja cha bi harusi kwenye karatasi, kwa bomba la sindano, siku tatu, maana mikono yangu sasa inatetemeka. Nikapaka ndimu na sukari ili tope lishike, nikaipeleka hivyo hivyo, tope kavu likiwa juu yake. Hina haibanduliwi mapema; bi harusi hulala nayo, akabanduliwa siku ya kuonwa na watu. Nilipanga kurudi siku ya majaji.

Nikarudi na kisu changu butu. Binti wa mapokezi, Wafae, akanizuia.

"Hajja, kisu cha nini?"

"Makka sijafika, mwanangu. Mimi ni bibi tu; niite Lalla Rhimou. Namfuata bi harusi wangu, nimbandue."

"Kazi ikishapokelewa haiguswi. Imeandikwa, na umetia sahihi."

Ile karatasi yao niliisoma mpaka penye jina langu, nikaishia hapo.

"Basi bandua wewe. Kwa ukucha tu."

"Mimi? Nifukuzwe kazi?"

"Waambie basi kwamba rangi iko chini!"

"Majaji hawasemeshwi, mama yangu. Kaa, nikuletee chai."

Mlango ulikuwa wa kioo. Nikawaona majaji wanafika kwenye karatasi yangu. Mmoja akainama, akanusa. Mwingine akakunja uso kama aliyekanyaga kinyesi cha punda. Nikagonga kioo, nikajikwaruza kiganja kwa kucha, hivi, hivi, waelewe. Yule wa tatu, mzee mwenye miwani, akatabasamu, akanipungia mkono. Kisha wakasogea kwa jirani yangu, picha ya kiti kitupu, wakasimama hapo muda mrefu.

Kabla ya alasiri nikarudishiwa yangu. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, nikabandua. Magamba yakaanguka mapajani, na ua baada ya ua likatoka, jekundu kama tofali lililotoka tanuruni.

Wafae akaja na glasi ya chai, akasimama.

"Ya Rabi. Hii ndiyo ilikuwa chini?"

"Ndiyo hii."

Akageuka kutazama barabarani. Gari la majaji lilikuwa limeshaondoka.

"Mwakani, Lalla. Utachora nyingine."

Nikanyoosha mkono nipokee chai. Ilimwagika kidogo, kisha zaidi. Wafae akairudisha mikononi mwake, akanishikia, nikanywa.