Sauti Iliyomsaili Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu huandika programu za kompyuta, ndiyo kazi aliyosomea. Kampuni yake ya kwanza ilimwachisha kazi yeye na vijana wenzake wote waliokuwa wapya, kwa sababu kazi zao ndogondogo sasa zinafanywa na akili bandia. Tangu hapo ameomba kazi kila mahali. Sehemu moja tu ndiyo iliyomwita kwenye usaili, tena wa nyumbani, kwa kompyuta.

Mtandao wetu hushika vizuri chumbani kwangu tu, karibu na dirisha. Nikamwachia meza, mimi nikakaa kitandani nyuma yake nikikunja nguo. Aliniomba nisiseme neno. Nikamtania kama bibi na mjukuu wake, "Mke mwenza, leo mimi ni ukuta."

Ikaanza kuuliza sauti ya mwanamke, mpole ajabu. Mtoto akijikwaa, inamtuliza, inamwambia asiwe na haraka. Moyoni nikamwombea heri mama huyo, maana wanaomsikiliza kijana mpaka mwisho ni wachache siku hizi. Sura yake sikuiona. Nilidhani ni matatizo ya mtandao tu.

Kisha likaja swali gumu. Mjukuu wangu akanyamaza. Mabega yake nayajua tangu nilipokuwa nambeba mgongoni. Yakipanda hivyo, ameingiwa na hofu. Sikuvumilia. Nikasogea mezani, nikasema kwa adabu, kama mzazi kwa mzazi mwenzake, "Mama, samahani. Huyu mtoto hajatia kitu kinywani tangu alipoamka. Mpe nafasi kidogo apumue."

"Asante," sauti ikajibu. "Nimesikia mtu wa pili chumbani. Usaili umefungwa."

Nikaomba radhi. Nikajieleza kwamba mimi ni bibi tu, kompyuta hata kuiwasha siwezi, sasa ningemsaidia nini? Sauti ikanishukuru tena, kwa maneno yaleyale na upole uleule. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia kwamba na yeye bila shaka ana watoto, mjukuu wangu aliponishika mkono.

"Bibi, acha. Huyo si mtu."

Nikarudi kuketi kitandani. Nilikuwa nambembeleza nani? Na zile heri nilimwombea nani? Mjukuu wangu hakunigombeza. Alinimiminia maji akanipa, ilhali aliyepoteza alikuwa yeye.

Akaandika malalamiko. Jibu lilirudi kabla hajaondoa kidole: haiwezekani. Asubuhi nikamwambia twende wenyewe ofisini kwao nikaeleze kosa langu. Lazima kuna binadamu mahali.

Pale ofisini mlinzi alinivutia kiti, akapiga simu juu. Akashuka bwana mwenye mvi, mkuu wa waandishi wa programu. Nilimweleza yote, naye alinisikiliza bila kutazama saa. Halafu akamgeukia mjukuu wangu na kumuuliza lilelile swali lililomnyamazisha. Safari hii alijibu, tena kwa kirefu, na bwana akawa anaitikia kwa kichwa. Moyo ukanipoa. Nikajua kazi tumeipata.

"Binti, ningekuchukua leo hii," alisema. "Lakini sina uwezo huo. Majina tunaletewa na mfumo, na mfumo huohuo umeshalifuta jina lako."

Nikamuuliza, kwani yeye si mkubwa hapa? Alicheka kidogo, akatazama ngazi alizoshukia, akashusha sauti.

"Mama, hata mimi sijui kama nitabaki. Wiki ijayo nasailiwa na sauti hiyohiyo."

Mlinzi alikuwa ameniambia tulipokuwa tunasubiri kwamba bwana huyu alikuwepo tangu ofisi nzima ilipokuwa chumba kimoja na feni mbovu. Sasa alikuwa amesimama mbele ya msichana asiye na kazi, anamuuliza kwa aibu ile sauti inapenda kuuliza nini, na inachukizwa na nini.

Mjukuu wangu angeweza kuondoka zake. Pale hapakuwa tena na mtu wa kumwomba. Badala yake alivuta kiti kingine akampa yule bwana, naye akaketi kumkabili.

"Usinyamaze, baba," alimwambia taratibu. "Ukiwa unawaza, waza kwa sauti. Haya, tujaribu. Nieleze kwa nini kazi yako inahitaji mtu."

Bwana akafuta viganja kwenye suruali, akamwomba arudie swali.